Siri za kamera zinapovuja, nani aliyeacha bomba wazi?

MWANZONI mwa Februari mwaka wa 2020, wiki chache kabla ya maradhi ya corona kuwafungia watu wengi duniani majumbani mwao, habari zilizagaa miongoni mwa wapiga picha kwamba kampuni ya Canon ilikuwa mbioni kutengeneza kamera ya mkononi yenye uwezo wa kurekodi video za kiwango cha 8K. Wengi walizipuuza. Wakati huo hata runinga za kuonyesha video za aina hiyo zilikuwa za kuhesabika, na kamera chache zilizoweza kazi hiyo zilikuwa mitambo ya watengenezaji wa filamu.

Hata hivyo, mnamo Februari 13 Canon yenyewe ilijitokeza na kutangaza kwamba kamera hiyo ipo, inaitwa EOS R5, na kwamba ni kweli itarekodi 8K. Bei haikutajwa, wala siku ya kuanza kuuzwa. Waliobaki na shaka wakadai kuwa huenda 8K hiyo ni ya ujanja tu, ya kuunganisha picha mojamoja. Mwezi wa Machi kampuni ikatoa taarifa nyingine kuwahakikishia kuwa ni video kamili. Aprili ikaongeza maelezo. Uzinduzi wenyewe ulifanyika Julai 9, na bei ikawa dola 3,899 za Marekani, yaani zaidi ya Sh400,000 kwa viwango vya wakati huo kabla ya kuhesabu ushuru na usafirishaji.

Hesabu miezi hiyo, msomaji. Kuanzia fununu ya kwanza hadi bidhaa kuzinduliwa ilipita takribani miezi mitano, na katika muda huo wote kamera ambayo hakuna mnunuzi aliyekuwa ameishika mkononi ndiyo iliyozungumzwa kuliko zote zilizokuwa zikiuzwa madukani. Matangazo ya namna hiyo, lau yangelipiwa kwa sentimita za safu za magazeti na sekunde za runinga, yangegharimu fedha ambazo hata kampuni kubwa ingefikiri mara mbili kabla ya kuzitoa.

Wahenga walituambia kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Hawakutuambia ni nani huwa wa kwanza kulisema, na kwa faida ya nani.

Swali hili si geni katika biashara ya kamera. Edwin Land, mwanzilishi wa kampuni ya Polaroid, aliwaonyesha wanasayansi mjini New York picha iliyojisafisha yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi mnamo Februari 21, 1947. Magazeti yaliichangamkia habari hiyo ajabu. Lakini kamera yenyewe haikufika dukani hadi Novemba 1948, mjini Boston, mwaka mmoja na miezi tisa baadaye. Zilizokuwapo dukani zilikwisha siku ile ile. Land hakuvujisha chochote. Alisimama mbele ya watu na kutangaza. Alichogundua, pamoja na kemia yake, ni kwamba hamu ya kitu inaweza kupikwa kwa muda mrefu kabla ya kitu chenyewe kuwapo, mradi moto usizimike.

Kwa miongo mingi baada ya hapo, biashara hii ilikuwa na kalenda yake. Kila baada ya miaka miwili watengenezaji walikutana katika maonyesho ya Photokina jijini Cologne, Ujerumani, maonyesho yaliyoanza mwaka wa 1950. Siri zilihifadhiwa hadi siku ya maonyesho, kitambaa kikaondolewa, wanahabari wakaandika. Kalenda hiyo imekufa. Photokina ya mwaka wa 2020 ilifutwa kwa sababu ya corona, na kabla ya mwaka huo kwisha waandalizi wakatangaza kuwa wanasitisha maonyesho hayo kwa muda usiojulikana. Kwa kweli yalikuwa yamekwisha kudhoofika kabla ya ugonjwa huo kuja.

Sababu ya kudhoofika inaonekana katika takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera chenye makao yake Japani. Mwaka wa 2010 wanachama wake walisafirisha zaidi ya kamera za dijitali milioni 121. Mwaka wa 2023 idadi hiyo haikufika milioni nane. Simu ya mkononi ndiyo iliyozimeza zile kamera ndogo ambazo zamani kila familia ilibeba ikienda harusini au kwenye mahafali. Waliobaki ni wanunuzi wachache lakini wakakamavu: wapiga picha wa kulipwa, watengenezaji wa video, na watu wenye fedha na mapenzi ya fani. Hawa hawahitaji tangazo la kuwaambia kwamba kamera ni kitu kizuri. Wanafuatilia kila fununu, wanajua majina ya vihisi vya mwanga na kasi za shata kama vile mashabiki wa soka wanavyojua vikosi vya ligi ya Uingereza. Mtu wa aina hii humnadii bidhaa kwa bango la barabarani. Humpa kidokezo, naye atakifanyia kazi iliyobaki bila malipo.

Hapa lazima tutenganishe mambo, kwa maana si kila siri inayovuja imevujishwa kwa makusudi.

Ipo mivujo ambayo ni ya ajali tu ya urasimu. Kamera za siku hizi huwa na vifaa vya mawasiliano yasiyotumia nyaya, hivyo hazina budi kusajiliwa na mamlaka za mawasiliano kabla ya kuuzwa. Nchini Marekani kazi hiyo hufanywa na tume ya mawasiliano, FCC, ambayo sheria zake huruhusu kampuni kuomba picha na vitabu vya maelezo vifichwe kwa muda wa hadi siku 180, lakini kuwapo kwa maombi yenyewe hubaki wazi kwa yeyote anayejua pa kutazama. Hapa kwetu pia, Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayoidhinisha aina ya vifaa kama hivyo kabla havijaingia sokoni. Mpekuzi mwenye subira husoma sajili za nchi mbalimbali, akaona nambari ya kifaa kisichojulikana, akaanza kubashiri.

Kisha kuna karani wa duka ambaye hupandisha ukurasa wa bidhaa saa chache kabla ya wakati, mfasiri wa kitabu cha maelezo, mpiga chapa wa vijarida, na fundi wa kiwandani mwenye kinyongo. Kadiri mikono inavyokuwa mingi ndivyo siri inavyokuwa nyepesi. Mtu yeyote aliyewahi kupanga sherehe ya kushtukiza nyumbani anajua hivyo.

Mivujo mingine huiumiza kampuni waziwazi. Mnamo Machi 2010 mfano wa simu ya iPhone 4, ambayo haikuwa imezinduliwa, ulisahauliwa na mfanyakazi wa Apple katika baa moja huko Redwood City, California, ukaishia mikononi mwa wanahabari wa Gizmodo walioulipia dola 5,000. Polisi waliingia katika kisa hicho. Kabla ya hapo, Apple ilikuwa imewapeleka kortini watu waliochapisha siri za kifaa chake kingine cha sauti, ili wataje waliowapa. Mwaka wa 2006 mahakama ya rufaa ya California ikaamua kuwa wachapishaji hao wana ulinzi ule ule wa wanahabari wa kuficha duru zao. Kampuni haiendi kortini kwa mvujo iliouandaa yenyewe.

Na bado ni kampuni hiyo hiyo iliyotupatia ushahidi ulio bayana zaidi wa upande wa pili. Mwezi wa Januari 2010, aliyewahi kuwa meneja mwandamizi wa uuzaji katika Apple, John Martellaro, aliandika makala akieleza jinsi mvujo wa kupangwa ulivyofanywa. Kwa mujibu wake, mkubwa humwambia msaidizi kwamba jambo fulani linafaa kutoka. Msaidizi hutafuta mwanahabari anayeaminika katika chombo chenye hadhi na kumweleza kwa mdomo, pengine kwa simu. Hakuna kinachoandikwa. Faida yake, alieleza, ni nyingi: kupima jinsi umma utakavyolipokea jambo, kumtisha mshindani, au kuwatayarisha watu kwa bei.

Alikuwa akizungumzia habari zilizokuwa zimetoka katika gazeti la Wall Street Journal siku hizo hizo, kwamba Apple ilikuwa ikiandaa kompyuta bapa ya takribani dola 1,000. Wiki tatu baadaye, Januari 27, iPad ikazinduliwa kwa dola 499. Ukumbi ukashangilia. Dola 499 zilikuwa fedha nyingi, lakini kwa mtu aliyekuwa amejiandaa kutoa 1,000 zilionekana kama zawadi. Ikiwa Martellaro alikisia sawa, basi hilo ni mojawapo ya matangazo ya bei nafuu zaidi kuwahi kufanywa: halikulipiwa hata senti, na lilibeba muhuri wa gazeti linaloheshimika.

Katika kamera, ushahidi wa wazi kama huo ni haba, na mwandishi anayesema kuwa kila fununu ni njama ya kampuni anajiongezea chumvi. Tunachoweza kufanya ni kutazama nyakati, kisha kuuliza nani alinufaika.

Chukua mwaka wa 2018. Nikon na Canon, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zimegawana soko la wapiga picha wa kulipwa, zilijikuta zimeachwa nyuma na Sony katika kamera zisizo na kioo cha ndani. Februari mwaka huo Sony ilizindua A7 III kwa dola zisizofika 2,000, na wapiga picha wakaanza kuhama.

Kuhama katika fani hii si jambo jepesi, na hapa ndipo penye kiini cha biashara nzima. Lenzi za kampuni moja hazikai vyema kwenye kamera ya nyingine. Mpiga picha mwenye lenzi tano za Nikon akiamua kwenda Sony, aghalabu huuza zote kwa hasara na kuanza upya. Akishahama, amehama kwa miaka kumi. Kwa hiyo kampuni iliyochelewa haina haja ya kumshawishi anunue leo. Inahitaji tu asinunue kwa jirani leo.

Julai 25, 2018, Nikon ilitangaza rasmi kwamba inatengeneza kamera ya aina mpya isiyo na kioo, ikaanza kutoa video fupi zilizoonyesha kivuli na kingo za kitu bila kukifunua. Uzinduzi wa Z6 na Z7 ukaja Agosti 23. Canon nayo ikazindua EOS R Septemba 5, picha na sifa zake zikiwa zimekwisha kuvuja siku chache kabla. Ukizitazama tarehe hizo kwa pamoja unaona kwamba ujumbe wa Nikon haukuwa kwa wateja wapya. Ulikuwa kwa wateja wake wa zamani waliokuwa wamesimama mlangoni na mizigo yao, na ulikuwa na neno moja: subirini.

Nikon haikuwa inajaribu mbinu hiyo kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 2013, kabla ya kuzindua kamera yake ya Df mwezi wa Novemba, ilitoa mfululizo wa video za mpiga picha anayezurura katika mandhari ya ukungu, kamera yenyewe ikifichwa na mikono yake, kilichosikika kikiwa mlio wa shata na wa vifundo vikizungushwa kama vya kamera za filamu. Mimi, niliyejifunza kupiga picha kwa filamu wakati nikiwa chuoni, nakiri kuwa mlio ule ulinigusa. Kisha bei ikatangazwa, karibu dola 2,750 bila lenzi, na hamu yangu ikapoa kwa haraka.

Mfano ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, ni wa EOS R3. Canon ilitangaza kwamba inaitengeneza mnamo Aprili 14, 2021. Ilieleza mengi: kasi ya picha 30 kwa sekunde, kihisi kipya, mfumo unaofuata jicho la mpiga picha na kulenga pale analopotazama. Kimoja haikukitaja, nacho ndicho ambacho mnunuzi wa kamera huuliza kwanza, yaani idadi ya megapikseli. Miezi ikapita. Baadhi ya wapiga picha wakapewa kamera hiyo waende nayo kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, michezo ile ile ambayo Faith Kipyegon alitetea taji lake la mita 1,500 mnamo Agosti 6. Kamera ikapiga kazi mbele ya dunia nzima, na bado idadi ile ikabaki siri.

Ni data zilizojificha ndani ya picha moja zilizoitoa. Kila picha ya dijitali hubeba taarifa za kamera iliyoipiga, na wapekuzi waliichambua moja iliyochapishwa kutoka Tokyo wakaona vipimo vya 6,000 kwa 4,000. Hizo ni megapikseli 24. Sony ilikuwa imezindua A1 mwezi wa Januari mwaka huo ikiwa na 50.

Sasa fikiria. Canon ilikuwa tayari kusema kila jambo ambalo lingewafanya watu wasubiri, na ikanyamazia lile ambalo lingewafanya baadhi yao waache kusubiri. Kwa mpiga picha wa michezo 24 zinatosha kabisa. Faili ndogo hutumwa gazetini haraka, na mhariri wa picha anayesubiri akitazama saa hufurahi. Lakini hoja hiyo huhitaji kuelezwa, ilhali nambari husomwa kwa kuchungulia tu. Kampuni ilipozindua kamera hiyo rasmi Septemba 14 kwa dola 5,999, hoja ilikuwa tayari na nambari ikaja imevikwa nguo. Katika kisa hiki mvujo wa kweli ulikwenda kinyume na kidokezo cha kupangwa, na tofauti baina ya vitu hivyo viwili ikaonekana wazi: kidokezo cha kampuni huwa hakina habari mbaya ndani yake.

Turudi kwa EOS R5, kwani nayo ilikuwa na jambo lililosubiri hadi mwisho. Kurekodi 8K huzalisha joto. Kamera ile haikuwa na feni, ilikuwa imezibwa isiingie vumbi na maji, kwa hiyo joto halikuwa na pa kutokea. Mwezi wa Julai ndipo Canon ilipotoa jedwali lililoonyesha kuwa, katika mazingira ya nyuzijoto 23, ungeweza kurekodi 8K kwa takribani dakika 20 kabla ya kamera kujizima ili ipoe. Nyuzijoto 23 ni hali ya Nairobi siku ya kawaida. Mtu wa Mombasa, Lodwar au Garissa angefanya hesabu yake mwenyewe.

Kelele zilipigwa. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu mwezi wa Agosti, yakafuatwa na mengine miaka iliyofuata, na mapema mwaka wa 2022 ikaleta R5 C, ndugu yake mwenye feni. Nasisitiza kuwa R5 ni kamera nzuri. Wapiga picha wengi waliipenda na wanaitumia hadi leo. Lakini waliokuwa wameiagiza mapema kwa ajili ya video walikuwa wameishi na ile herufi na nambari, 8K, tangu Februari. Dakika 20 walizisikia wakiwa wamekwisha kuamua.

Kuna hatari kwa kampuni pia, na haifai kuipuuza. Mfanyabiashara yeyote wa mjini atakwambia kwamba mteja aliyeambiwa kuna mzigo mpya njiani hanunui uliopo rafuni. Mwaka wa 1983 kampuni ya kompyuta ya Osborne, ya Marekani, ilifilisika baada ya mwanzilishi wake kuzungumzia kompyuta zake zijazo mapema mno. Angalau hivyo ndivyo kisa kinavyosimuliwa, ijapokuwa wapo wanaosema kuwa matatizo ya Osborne yalikuwa mengi na hilo lilikuwa mojawapo tu. Katika kamera, anayebeba hasara hiyo kwanza si kampuni ya Tokyo. Ni muuzaji. Yule mwenye duka katikati ya jiji la Nairobi aliyelipia kamera kumi za toleo la sasa, ghafla anaona wateja wakiingia, wanaulizia toleo ambalo hajaletewa wala kuambiwa litakuja lini, kisha wanatoka.

Na baada yake ni mpiga picha mwenyewe.

Namfahamu kijana mmoja wa Nakuru anayepiga picha za harusi. Miaka michache iliyopita alisikia kuwa toleo jipya la kamera aliyokuwa akiitumia lilikuwa karibu. Sifa zote zilikuwa zimekwisha kuvuja, na bei iliyotajwa ilikuwa ya kumezea mate. Akaamua kuuza yake upesi kabla bei za kamera zilizotumika hazijaanguka, maana fununu ya toleo jipya huziangusha kabla toleo lenyewe halijafika. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Aliiuza mwezi wa Septemba. Oktoba haikuleta kitu, Novemba nayo vivyo hivyo. Desemba, msimu wa harusi, alikuwa akikodi kamera kwa siku kutoka kwa mshindani wake, na faida yake yote ikaishia huko. Kamera ilipozinduliwa hatimaye, ilikuwa ghali kuliko ilivyovumishwa, na ikafika Kenya miezi kadhaa baadaye ikiwa na bei ya juu zaidi. Mkopo aliokuwa ameomba katika chama cha ushirika haukutosha.

Hakuna aliyemdanganya kijana huyu. Hakuna aliyemwahidi chochote. Hapo ndipo ulipo uzuri wa mbinu hii kwa anayeitumia. Tangazo rasmi lina mwenyewe. Likiwa la uongo, mnunuzi anaweza kulipeleka mbele ya mamlaka za kutetea watumiaji bidhaa, na Kenya ina sheria ya mwaka wa 2012 kuhusu hilo. Fununu haina mwenyewe. Bei isipolingana na uvumi, kampuni hujibu kwa unyoofu kwamba haikuwahi kutaja bei hiyo.

Sisi wa vyombo vya habari hatuwezi kunawa mikono. Katika meza ya uhariri tumezoea taarifa zinazokuja na onyo kuwa zisichapishwe kabla ya saa fulani. Kwa hotuba ya bajeti au matokeo ya mitihani jambo hilo lina maana yake. Mwandishi hupata muda wa kusoma na kuelewa, na msomaji hupata habari iliyokamilika. Katika bidhaa, mkataba wa kunyamaza hufanya kazi nyingine. Wanaopewa kamera mapema ni wale ambao kampuni inatarajia kuwapa tena mara ijayo, nao wanalijua hilo. Asiyepewa anabaki na njia moja ya kutoachwa nyuma, nayo ni kuchapisha fununu. Kwa hiyo aliye ndani ananyamaza, aliye nje anapiga kelele, na pande zote mbili zinamfanyia kazi bwana mmoja.

Jioni moja ya Ijumaa mwandishi chipukizi aliniletea habari ya kifaa kipya, akinukuu duru ambazo hazikutaka kutajwa. Sentensi zilikuwa nyororo mno kuwa zake. Nilipomuuliza duru hizo ni akina nani, alinionyesha barua kutoka kwa wakala wa matangazo wa kampuni husika. Wakala alikuwa ameomba jina lake lisitajwe, na mwandishi akaona kwa kweli kuwa anailinda duru yake kama alivyofundishwa chuoni. Nilifuta sifa zote zilizopambwa, nikaacha aya nne. Tulizichapisha. Ukurasa ulikuwa na nafasi.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza maswali matatu kila habari ya aina hiyo inapopita mbele yangu. Je, ina jambo lolote ambalo kampuni isingependa lijulikane? Je, imetoka wiki ambayo mshindani amezindua au anakaribia kuzindua bidhaa yake? Je, bei imetajwa, na ikiwa imetajwa, imetajwa na nani? Habari inayojibu hapana, ndiyo, na hakuna anayejulikana, naipeleka kwa watu wa matangazo ili waamue watalipisha kiasi gani. Wenzangu hudhani natania.

Canon nayo haijabadili mwenendo, na hakuna sababu ya kuubadili ikiwa unaleta mavuno. Mei 15, 2024, wiki kumi hivi kabla ya Olimpiki ya Paris kupamba moto, ilitangaza kwamba inatengeneza EOS R1, kamera ya daraja la juu kabisa katika ukoo huo. Maelezo yalikuwa mengi. Idadi ya megapikseli haikuwamo. Wapiga picha wakabishana kwa miezi miwili, wengine wakitaja 30, wengine 45, kila mmoja akiwa na duru zake. Julai 17 kamera ikazinduliwa. Ilikuwa na 24.

Yule kijana wa Nakuru alinipigia simu wakati huo kuniuliza nilikuwa nimesikia nini. Nilimuuliza kama ana kazi. Akasema ana harusi mbili Naivasha na moja Gilgil, na kwamba angezipiga kwa kamera mbili alizozinunua kwa mtu, zote za toleo lililopita, moja ikiwa imekwaruzika upande wa chini. Picha zenyewe, aliniambia, zinatoka safi.